Mpelelezi wetu wa wakati wa vita yuko Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Nilisoma kwa makini makala mliyoichapa hivi karibuni, iliyodai kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezeeka kwa kuwa vijana wamehamia kwenye simu na hawana tena subira ya kufungua kitabu. Mwandishi wake ana haki ya kusikitika, nami nasikitika pamoja naye, lakini nadhani ugonjwa alioutaja sio. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na katika miaka yote hiyo sikumwona mwanafunzi aliyeikimbia hadithi ya mauaji iliyosimuliwa vizuri. Walichokimbia ni hadithi wanayoijua mwisho wake kabla hawajafika ukurasa wa kumi: mpelelezi hodari asiyeshindwa, anayewamaliza maadui wote na kurudi mjini suti yake ikiwa haina hata kunyanzi. Napendekeza tumtafute mpelelezi wa namna nyingine, na mahali pa kumtafuta ni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa katika ardhi yetu kuanzia mwaka 1914 hadi 1918.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau waliotangulia. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, alituonyesha kwamba mtu mtulivu mwenye kiko chake anaweza kulifumbua kwa akili fumbo lililowashinda wenye vyeo, na kwamba Kiswahili cha Unguja kinaitosha kabisa kazi hiyo. Waliokuja baadaye, Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, waliongeza mwendo, hatari na miji mikubwa ya Afrika. Hata hivyo wapelelezi wote hao, pamoja na tofauti zao, wanasimama upande wa haki tangu mwanzo, na msomaji hana sababu ya kuwashuku.

Kuna aina nyingine ya riwaya ya upelelezi, iliyokomaa Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1940, ambayo kwa kukosa jina lililozoeleka nitaiita riwaya ya giza. Ndani yake mpelelezi hana mikono safi. Anayemlipa ana jambo lake la kuficha, bosi wake anataka jibu fulani na si jibu la kweli, na yeye mwenyewe ana deni la zamani ambalo hapendi liulizwe. Ukweli hupatikana, lakini mara nyingi hakuna hakimu wa kuupokea. Anayesoma kitabu cha namna hiyo hafurahii tu kumjua muuaji, bali hujikuta akijiuliza yeye angefanya nini kama angekuwa amekalia kiti kile, mbele ya bosi yule, na watoto wanamsubiri nyumbani.

Riwaya ya giza inapowekwa katika wakati wa vita hupata nguvu ambayo haiwezi kuipata kwingine. Katika mtaa wenye amani, mtu mmoja akiokotwa amekufa mtaroni, mtaa mzima husimama: polisi huja, wazee hukaa, majirani hutazamana kwa wasiwasi. Katika vita maiti mmoja hamsimamishi mtu, na kwa sababu hiyo vita ni maficho bora kuliko msitu wowote. Mwezi Februari mwaka 1942, London ikiwa gizani kila usiku kwa hofu ya ndege za Wajerumani, mwanajeshi wa kikosi cha anga cha Uingereza aliwaua wanawake wanne katika muda usiofika wiki moja, akilitumia giza lile lile lililowekwa ili kuwalinda watu. Alinaswa kwa sababu alipomshambulia mwanamke mwingine alifadhaika akakimbia, akaiacha nyuma barakoa yake ya gesi ikiwa imeandikwa namba yake ya jeshi. Vita vilivyompa giza la kujificha ndivyo vilivyomwandikia namba iliyomsaliti.

Wenzetu wa Ulaya wameitumia nguvu hiyo kwa ujasiri. Mwandishi wa Scotland, Philip Kerr, aliyefariki mwaka 2018, alimtunga mpelelezi wa Berlin aitwaye Bernie Gunther, ambaye katika riwaya mojawapo anatumwa Smolensk mwaka 1943 kuchunguza makaburi ya maofisa wa Poland waliouawa katika msitu wa Katyn. Mauaji yale ni kweli yalifanywa, na walioyafanya ni polisi wa siri wa Urusi ya Kisovieti. Lakini wanaomtuma Gunther athibitishe uovu huo ni utawala wa Kinazi wa Ujerumani, ambao wakati ule ule unawaangamiza mamilioni ya watu. Mpelelezi anasema kweli, na kila neno la kweli analolisema linamnufaisha mwongo. Nilipoifunga riwaya ile nilikaa muda mrefu nikiwaza kwamba mtu wa namna hiyo tulikuwa naye hapa, tena kabla ya Berlin, ila hajaandikiwa kitabu.

Ndugu Mhariri, kila siku maelfu ya watu hushuka kwenye daladala wakitamka neno Kariakoo bila kukumbuka kwamba wanataja jina la jeshi. Wajerumani walikuwa wamejenga pale jengo la soko, na kabla halijazoeleka kuwa soko vita vikaanza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 1916 waliligeuza eneo hilo kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanyia jina hilo kazi yake ya kawaida. Nairobi nako wana Kariokor yao, iliyozaliwa kwa njia hiyo hiyo. Wapagazi waliotumiwa na Waingereza katika vita hivyo wanakaribia milioni moja, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa ni karibu 100,000. Walibeba risasi, unga, mahema, vipande vya mizinga na majeruhi, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya nchi hapakuwa na barabara, na mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu.

Wengi wa wapagazi hao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi wasiojua kuupika, mara nyingi bila kuni za kutosha wala muda, wakaula ukiwa haujaiva, na matumbo yao yakaharibika. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima ikawakuta wale waliosalia, wakiwa wamekonda. Nawaomba waandishi wetu wayatazame maelezo haya kwa jicho la mpelelezi. Ikiwa watu mia wanakufa kwa kuhara damu katika kambi moja, ni nani atakayeuliza juu ya yule wa mia na moja? Ikiwa mgawo wa unga umepungua, ni nani atakayejua kwamba umepunguzwa na bwana stoo anayeuza magunia usiku, na kwamba marehemu alikuwa amemwona? Daftari litaandikwa kuhara damu, mstari utapigwa chini ya namba, na karani atafungua ukurasa mwingine.

Naja sasa kwenye fedha, kwa maana hakuna riwaya ya giza isiyopitia kwenye fedha. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofia vitani haikuwafikia jamaa zao. Wengine majina yao yalikuwa yameandikwa vibaya, vijiji vyao havikujulikana, na ndugu zao hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha udugu. Suala hilo lilijadiliwa kwa miaka mingi baada ya vita na serikali ya Uingereza haikukubali kulipa. Kwa upande wa Wajerumani, ni mwaka 1964 ndipo Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa kiinua mgongo askari wazee waliokuwa bado hai, na husimuliwa kwamba wale waliokosa vyeti walipewa fagio mkononi na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe gwaride la bunduki, ili mwili wenyewe utoe ushahidi ambao karatasi ilishindwa kuutoa. Mpagazi hakuwa na gwaride la kuonyesha. Ushahidi wake ulikuwa alama ya mzigo begani, na hiyo alizikwa nayo.

Tena kuna dhahabu ya Tabora. Wajerumani walipozuiwa baharini na meli za Waingereza waliishiwa sarafu, wakachapa noti za dharura Dar es Salaam na Tabora, na mwaka 1917, wakiwa wanakimbizwa, wakachapa nyingine porini kwa herufi za mpira. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na idadi yake haikuzidi sana 16,000. Dhahabu yenyewe ilitoka katika mgodi wa Sekenke, Iramba. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yakaingia Tabora. Sihitaji kumwambia mtunzi yeyote mwenye damu mwilini ni maswali mangapi yamo katika wiki zile za mwisho, wakati mabwana wa zamani wanafunga masanduku, mabwana wapya wako mwendo wa siku chache, na mtu mmoja ana ufunguo wa chumba cha sarafu. Ongeza juu yake kwinini, dawa ya malaria, ambayo Wajerumani walilazimika kuitengeneza wenyewe kwa magome ya miti ya huku kwetu Amani, Usambara, na ambayo katika kambi yenye homa kijiko chake kimoja kilikuwa na thamani kuliko noti yoyote.

Basi mpelelezi mwenyewe ni nani? Hapa ndipo nina hakika kuliko popote katika barua hii. Mpelelezi wetu ni karani. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na kutoka shule za namna hiyo walitoka vijana waliojua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, waliotumwa kila wilaya kuandika kodi, kesi na barua. Baadhi yao walikuwa wakisoma na kuliandikia gazeti la Kiongozi, lililochapwa hapa hapa Tanga tangu mwaka 1904 hadi vita vilipolisimamisha mwaka 1916. Mfikirie mmoja wao, mwenye umri wa miaka 35 hivi. Ameandika hukumu za viboko kwa mwandiko mzuri. Wakati wa Maji Maji aliandika majina ya walionyongwa, na aliyaandika bila kukosea herufi. Sasa Waingereza wameingia, wanamhitaji kwa sababu anajua kuandika, na hawamwamini kwa sababu alimtumikia Mdachi. Wapagazi nao hawamwamini kwa sababu ni mtu wa kalamu, na kwa watu wa vijijini mtu wa kalamu ndiye aliyekuja na orodha. Amepewa daftari la vifo katika kambi ya Kariakoo, mwaka 1917. Usiku mmoja anaona namba ya mtu aliyemwandika kuwa amekufa wiki iliyopita imetiwa sahihi ya kupokea mshahara.

Hana bastola. Hana gari. Ana daftari, wino, na kumbukumbu ya miandiko ya watu. Akinyamaza, atakula. Akiuliza, ataulizwa yeye kwanza, kwa maana daftari ni lake na kalamu ni yake. Pia kuna orodha ile ya zamani aliyoiandika kwa ajili ya Wajerumani, ambayo mtu fulani kambini anaikumbuka. Mtu kama huyu hawezi kusimama upande wa haki tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hata upande wenyewe haujulikani uko wapi. Itambidi autafute huku akiwa na woga, naye msomaji autafute pamoja naye.

Najua pingamizi litakalotolewa, maana nimelisikia katika vyumba vya walimu tangu nilipoanza kazi. Litasemwa kwamba upelelezi ni riwaya pendwa, kitu cha kusomea kwenye basi, na kwamba kuwaingiza marehemu wetu wa vita katika hadithi za namna hiyo ni kuwavunjia heshima. Nalichukulia pingamizi hilo kwa uzito. Kiswahili kina namna yake ya kale ya kuviheshimu vita, nayo ni utenzi: Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, na Shaaban Robert akatunga utenzi mrefu juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Nimezifundisha tenzi hizo na nazipenda. Lakini utenzi huvitazama vita kutoka barazani, pale penye majemedari, miji iliyotekwa na dua. Riwaya ya giza huviingia vita kwa mlango wa uani, ambako unga unapimwa, maiti anaoshwa, na mtu anahesabu rupia akiwa amegeuza mgongo. Mpagazi alikuwa uani muda wote wa vita. Kumtafutia muuaji wake, mtu mmoja kwa jina lake, ni kukataa kwamba kifo chake kilikuwa sehemu ya hesabu tu, na sioni heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Wasomaji wa rika langu wataielewa riwaya hiyo bila maelezo mengi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi vita vya Kagera vilipomalizika mwaka 1979, na ninachokikumbuka zaidi si bunduki, kwa kuwa huku Tanga hatukuzisikia, bali ni foleni ya sabuni na sukari katika duka la ushirika, na jinsi watu wazima walivyoshusha sauti walipotaja magendo. Nilimwona baba yangu, mtu mwongofu ambaye hakuwahi kuchelewa swala ya alfajiri, akipokea usiku kifurushi cha sukari kwa mtu ambaye mchana walipitana bila kusalimiana. Hakuna aliyeuawa katika kisa hicho. Hata hivyo nilijua siku ile kwamba dhiki ya vita humfikia hata asiyemwona adui, na kwamba humkuta jikoni kwake.

Kwa atakayeijaribu kazi hii nina ombi moja kuhusu lugha. Asiwape watu wa mwaka 1917 Kiswahili cha taarifa ya habari. Maneno yenyewe ya wakati ule ni vielelezo vya kesi: hela tunayoitaja kila siku ni heller ya Mdachi, shule tumeipokea kutoka kwake, na Kariakoo tumekwisha kuiona. Karani wa Tanga, askari Mmanyema, mpagazi wa Unyamwezi na yule aliyeletwa kutoka Nyanza wasingezungumza Kiswahili kimoja, na mpelelezi mwenye sikio zuri angeweza kumkamata mwongo kwa namna anavyolitamka jina la mto wa kwao. Nyaraka za Taifa zimehifadhi majalada mengi ya enzi ya Wajerumani, na mtunzi akizitembelea kwa subira atapata bei, vyeo, adhabu na miandiko.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni la nafasi. Zamani magazeti yetu yalikuwa na hadithi ya kuendelea, na wapo tuliokuwa tukiligeuza gazeti na kuanzia ukurasa huo kabla ya habari za mbele. Naomba mrudishe nusu ukurasa kila Jumapili, mtangaze kwamba mnapokea riwaya za upelelezi zilizojengwa katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, na mumpe atakayechaguliwa angalau majuma 20, kwa sababu hadithi ya namna hii haiwezi kukimbizwa. Mimi niko tayari kusoma miswada na kusahihisha bila malipo, na ninao wastaafu wenzangu wawili waliokwisha kukubali. Tangazo likitoka kabla ya likizo ya Desemba, walimu watapata muda wa kuandika.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tanga